Kamera ya Tumboni na Bi Somoe wa Tandika

Nyie mnaopitaga hapa kwangu Tabata jioni na kamera zenu zinang'aa shingoni, mnaniamkia vizuri, mnakunywa chai yangu, halafu mnaniuliza swali lile lile: anti, mbona watu kwenye picha zako wanaonekana kama wanaongea na mtu? Huwa nawajibu kwa kifupi kwamba walikuwa wanaongea na mtu kweli, na mtu huyo ni mie. Mnacheka, mnadhani nawatania. Leo magoti yameuma tangu asubuhi, siendi popote. Kaeni basi niwaeleze.

Mie nimepiga picha za nje umri wangu wote wa kazi. Za studio sikuziwezaga, kile chumba chenye pazia la maporomoko ya maji kilikuwa kinanitia usingizi. Za nje ndizo zangu: harusi, kipaimara, mahafali, timu za mtaani, hata mbuzi wa bwana mmoja wa Kimara aliyetaka wanyama wake watundikwe sebuleni kama watoto waliofaulu. Na kati ya yote niliyojifunza, la kwanza lilikuwa ni wapi pa kuishika kamera.

Aliyenifundisha ni Mzee Nandonde, mtu wa Masasi, aliyekuwa na kibanda Mwenge jirani na wachonga vinyago. Nilikuwa nimeshuka kutoka Njombe kutafuta ukarani. Ukarani ukanikataa, yeye akanipokea. Kamera yake ilikuwa boksi lenye macho mawili mbele, moja juu ya jingine, na juu yake kifuniko. Ukikifungua unaona kioo. Kamera ile haikuwekwa usoni. Unaitundika mbele ya tumbo, unainamisha shingo, unachungulia kama mtu anayetafuta ndoo iliyozama kisimani. Mle kiooni dunia ilikuwa nzuri kuliko ilivyo, ila ilikuwa imegeuzwa: kulia kwake kushoto, kushoto kwake kulia.

Kazi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa kumpiga mchungaji akitoka kanisani na kwaya yake. Mchungaji akaelekea upande mmoja, mie nikamfuata upande wa pili, maana kioo ndicho kilichoniambia hivyo. Kila nikimsogelea anazidi kunitoka. Nikaongeza mwendo, shingo imeinama, macho kiooni. Nilipoinua uso nilikuwa nimevuka barabara, nimekalia tembo wa mpingo mezani kwa mchonga vinyago, na mchungaji alishapanda gari kaondoka. Mwenye tembo aliniuliza kwa adabu kabisa kama nilikuwa nanunua.

Mzee Nandonde hakunigombeza. Alinionyesha jinsi ya kuufundisha mwili kwenda kinyume na kinachoonekana, kama mtu anayejinyoa kwenye kioo. Halafu nikamuuliza kwa nini asinunue kamera ya kuweka jichoni kama wenzake. Akasema kitu ambacho nimekibeba mpaka leo.

"Binti, ukiweka mashine jichoni, unampiga mtu chabo. Ukiiweka tumboni, unaongea naye."

Hayo mengine alinifundisha kidogo kidogo. Mtu mzima akisimama, kamera ikiwa usawa wa kitovu chako inampa heshima, kichwa chake kinapanda mawinguni na zile nyaya za umeme na mabati ya jirani vinabaki chini. Bwana harusi mfupi mpigie kiunoni, atakuombea dua. Lakini mwenye kitambi usithubutu, kitambi kitafika kwenye picha kabla yake. Mtoto mdogo yeye tumbo lako ndilo usawa wa uso wake, kwa hiyo hana haja ya kukutazama kama anayetazama nguzo ya simu. Na usishuke sana, ukishuka sana picha nzima inakuwa matundu ya pua.

Halafu dunia ikabadilika. Filamu zikaisha, zikaja kamera nzito za kuweka jichoni, na wateja wakataka kuona mpiga picha amefumba jicho moja, ndiyo waamini anafanya kazi. Nami nikafuata. Nilipotaka ile picha ya kutoka chini aliyonifundisha Mzee Nandonde ilibidi nipige magoti, na nikizidi kuitaka, nilale. Siku moja nililala kifudifudi pembeni ya barabara hapa hapa Tabata nikitafuta pindo la shela la bibi harusi. Mama mmoja muuza mihogo akapita, akaona mtu mzima kalala chini hasogei, akanimwagia ndoo ya maji huku anawaita watu kwamba nimeanguka kifafa. Bibi harusi alicheka mpaka wanja ukamchuruzika. Ile picha ya kicheko ndiyo waliyoichagua, lakini kitenge changu kilikuwa kipya, na magoti yalikuwa yameanza kunikumbusha umri.

Aliyeniokoa ni Deo, mpiga video niliyefanya naye kazi miaka mingi, mtu mnene mpole asiyeweza kupita mbele ya sufuria ya pilau bila kuisalimia. Ndiye aliyenishawishi nihamie kwenye hizi kamera zisizo na kioo ndani, mnazoziita mirolesi. Mie sikuhamia kwa sababu ya wepesi wala kwa sababu ya yale mambo mnayobishania mitandaoni. Nilihamia kwa sababu siku moja dukani Deo alivuta skrini ya nyuma, ikainuka, ikalala ikitazama juu. Nikaishusha kamera mpaka tumboni, nikainamisha shingo, nikaiona Mwenge na mzee wangu. Nusura nilie pale dukani.

Hapa nisikilizeni, maana mnanunuaga kwa kutazama rangi. Skrini ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza inainuka tu pale pale nyuma ya kamera. Hiyo ndiyo tamu kwa tumboni, kwa sababu unachotazama na lenzi vimepangana mstari mmoja, mkono hauchanganyikiwi. Shida yake ukigeuza kamera wima, skrini inabaki inatazama pembeni na wewe unapinda kiuno kama mcheza singeli. Ya pili inafunguka ubavuni kama mlango wa kabati. Hiyo inakubali wima na ulalo, hata ukitaka kujipiga mwenyewe, ila unatazama pembeni wakati lenzi iko katikati, na mkanda wa shingoni unapenda kunasa kwenye ule mlango. Wengine wanaunganisha na simu, simu inakuwa ndiyo skrini. Nimejaribu. Nikiwa namtafuta bwana harusi kwenye simu akatokea shemeji yangu anapiga, jina lake na picha yake vikajaa skrini nzima, na bwana harusi akavishwa pete mie nikiwa namtazama shemeji.

Na jua letu la saa nane halina adabu. Ukifungua skrini nje unaona uso wako mwenyewe na mawingu. Kuongeza mwanga wa skrini kunasaidia kidogo na kunamaliza betri. Mie nilikata boksi la viatu, nikalipaka masizi ndani, nikaivika skrini kama kofia ya mlinzi. Wateja walidhani ni kifaa kutoka ng'ambo. Deo aliwaambia ni cha Ujerumani, na mie sikuona sababu ya kumharibia.

Jambo moja tu halikunijia akilini. Hizi skrini mpya hazigeuzi kulia na kushoto. Mwili wangu ulikuwa umeshafundwa kwenda kinyume, na ukirudishiwa kamera ya tumboni ukakumbuka mafunzo yale yale. Harusi ya kwanza na kamera mpya niliikimbia keki. Deo alinishika mabega akanigeuza taratibu, kama mtu anayemgeuza kuku aliyepotea njia ya banda.

Basi, nilikuwa sijaizoea vizuri kamera hiyo aliponijia Zuhura.

Zuhura alikuwa binti wa Tandika, kule Temeke, mchangamfu, mwenye maneno mengi. Alikuwa anaolewa na kijana mfanyabiashara wa Tunduma, na baada ya harusi angehamia huko. Nilidhani amekuja kupanga picha za harusi, kumbe hilo lilikuwa la pili. La kwanza lilikuwa bibi yake, Bi Somoe, muuza vitumbua, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, Zuhura akiwa hajaota meno.

Zuhura akanionyesha simu. Picha za Bi Somoe zilikuwa nyingi, na hakuna hata moja yenye Bi Somoe. Kwenye Idi alikuwa kiganja. Kwenye maulidi alikuwa mgongo. Kwenye harusi ya binamu alikuwa khanga iliyojifunika kichwa, imekaa kwenye kiti. Moja tu ilikuwa na uso, ile ya kitambulisho, na humo alikuwa anamtazama karani kama anayemhesabia siku. Walikuwa wamejaribu kila njia. Binamu mmoja alijificha nyuma ya tanki la maji ampige kwa mbali. Bi Somoe alimwona, akachukua mwiko wa vitumbua, na binamu hakurudi nyumbani mpaka swala ya isha.

"Anti, naenda Tunduma," Zuhura aliniambia. "Mama yangu sina hata picha yake. Nikimkosa na bibi, nitawaonyesha nini wanangu?"

Nilimwambia sitampiga mtu asiyetaka. Akasema anajua, ndiyo maana amekuja kwangu waziwazi badala ya kumpa mtu mwingine amvizie. Tukakubaliana nitakwenda mapema siku ya picha, niongee na bibi mwenyewe, na akikataa, amekataa.

Nilimkuta uwani anakosha mchele, mwembamba, mkavu, macho makali. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anaitazama kamera yangu kama mtu anayetazama mbwa wa jirani. Nikaona nisizunguke. Nikamuuliza kwa nini hataki picha. Nilijiandaa kusikia habari za dini au za uchawi, na majibu yake nilikuwa nimeshayapanga. Hayakunifaa kitu.

Akasema yeye picha hazina ubaya wowote naye. Ubaya wake ni mpigaji. Mtu anakuja kwako, anaficha uso wake nyuma ya dude jeusi, anakutazama yeye peke yake wewe humwoni, halafu anakuamrisha ucheke. Unamchekea nani? Alisema yeye kwao Kilwa alifundishwa kwamba mtu anayekutazama bila kukuonyesha macho yake ana shari.

Nilisikia sauti ya Mzee Nandonde kabisa. Nikavuta skrini, nikashusha kamera tumboni, nikamwonyesha. Nikamwambia dude litakaa huku chini, uso wangu utakuwa huku juu, tutaongea kama tunavyoongea, na nikibonyeza atasikia mlio, hakuna kuviziana. Akanizunguka, akachungulia skrini, akarudi mbele.

"Macho yako nitayaona?"

"Utayaona, mama."

"Haya. Lakini uking'ang'ania nicheke, naondoka zangu."

Alasiri tukakaa kwenye kiwanja cha nyuma ya nyumba. Zuhura amepambwa, hina mpaka kwenye viwiko, amekaa mkekani, na Bi Somoe kando yake na khanga mpya, amenyooka kama mtu anayesubiri hukumu. Ndugu wote wakajipanga ukutani kuangalia muujiza. Yule binamu wa tanki alisimama mbali kuliko wote. Deo alikuwa nyuma yangu na video yake, ameizima kwa heshima ya bibi.

Nikashusha kamera, nikaivuta dhidi ya tumbo itulie. Skrini ikazimika.

Nikaisogeza mbele kuitazama, ikawaka. Nikairudisha tumboni, ikazimika. Nikabadilisha betri, ikawaka vizuri sana, nikairudisha tumboni, ikazimika. Dukani, kwenye ile harusi ya keki na hata pale uwani kwa bibi nilikuwa nimeishika mbali kidogo na tumbo, sijawahi kuigandamiza penyewe. Bi Somoe alianza kuangalia mlango. Ili asiondoke nikaanza kumwongelesha, macho yangu usoni kwake, vidole vinahangaika huku chini. Nikamuuliza kwa nini vitumbua vyangu vinalala bapa kama chapati. Hilo lilimkera kiasi cha kumfanya abaki. Akauliza naweka nazi ya namna gani, nikamtajia ile ya pakiti, akafumba macho kama aliyesikia habari ya msiba. Akaniambia na mchele siukoshi vizuri, inaonekana hata kwenye mikono yangu. Zuhura akaanza kutikisika mabega.

Ndipo Deo aliponisogelea, akainama kuchunguza ile kamera na lile tumbo langu, ambalo namshukuru Mungu halijawahi kukosa chakula. Akaona. Hizi kamera zina kijicho kidogo karibu na kidirisha cha kuchungulia. Mtu akisogeza uso, kijicho kinamhisi, kinazima skrini ya nyuma na kuhamishia picha mle ndani. Mie nilikuwa sijui. Deo alitaka kuninong'oneza, lakini Deo hana sauti ya kunong'ona, hajawahi kuwa nayo.

"Anti," akasema, na uwanja mzima ukasikia, "kamera inadhani tumbo lako ni jicho."

Bi Somoe akanitazama usoni, akashuka polepole mpaka tumboni, akapanda tena usoni. Halafu kitu kikamtoka ambacho ndugu zake wote, nadhani, walikuwa hawajakisikia kwa muda mrefu. Alicheka. Alicheka kicheko cha msichana, chenye kupanda juu, akamshika Zuhura begani ili asianguke, akasema na mie niliambie hilo jicho langu lisikonyeze waume za watu. Zuhura akamlalia kifuani. Ukuta mzima wa ndugu ukabomoka kwa kicheko.

Sasa hapo mpiga picha afanye nini? Nikiisogeza kamera nione skrini, nitainamisha uso, na yule mama ananitazama mie machoni, anachekea macho yangu. Nikiyaondoa tu, amekwenda. Sikuyaondoa. Nikacheka naye, nikaiacha skrini gizani, nikabonyeza. Nikabonyeza tena na tena, bila kuona chochote, kamera imekaa kwenye tumbo langu kama mtoto mgongoni. Kila mlio aliusikia. Hakuinua kiganja.

Kama mnataka ufundi, ni huu: lenzi yangu ilikuwa pana kidogo, hivyo palikuwa na nafasi ya kukosea. Kamera zenu hizi zinatafuta macho ya mtu zenyewe, usizizuie. Na mwili unaojua usawa wa tumbo lake huwa haupotei mbali. Baadaye Deo alinionyesha pa kukizima kile kijicho kwenye mipangilio, nanyi kizimeni leo kabla hamjalala. Lakini mnisikie pia: siku ile, kama skrini ingewaka, ningeitazama.

Kicheko kilipotulia, hofu ndiyo ikanishika. Sikujua nimepata nini. Pengine nilikuwa nimepiga picha ya mkeka mtupu. Pengine vichwa vimekatwa. Zuhura alikuwa hanibandui macho. Jua lilikuwa limepiga skrini, boksi langu la viatu nimelisahau kwenye bajaji, na kila nikigeuza kamera nilijiona mwenyewe nimekunja uso. Bi Somoe akachoka kusubiri. Akafungua khanga yake, akainuka, akaniambia niiname, akatufunika wote wawili, mie na yeye na kamera katikati yetu.

Humo ndani kulikuwa na harufu ya nazi na iliki. Nikabonyeza, picha ikatokea.

Vichwa vilikuwepo. Zuhura alikuwa amelala kifuani kwake, macho kafumba. Na Bi Somoe alikuwa ananitazama, mdomo wazi, pengo la jino upande mmoja, makunjo yote ya uso yamekimbilia machoni.

Bi Somoe akausogeza uso wake karibu na skrini mpaka nikahofia ile kamera itazimika tena.

"Huyu ni mama," akasema.

Nilidhani anamwongelea mama yake Zuhura, nikamwambia hapana, huyo ni Zuhura mwenyewe. Akatikisa kichwa. Kidole chake chenye alama za mafuta ya moto kikagusa uso wa yule mzee anayecheka. Akaniambia mama yake alifariki Kilwa, yeye akiwa mwari, hakupigwa picha hata siku moja. Sura ilimpotea zamani. Alikuwa akijitahidi kuikumbuka anapata mikono tu, na sauti kidogo.

Zuhura alikuwa amefunua pindo la khanga na kuingiza kichwa. Akatazama skrini, akamtazama bibi yake, akafungua mdomo amweleze kwamba yule ni yeye mwenyewe. Nikamfinya mkono, akanyamaza.

Bi Somoe, ambaye Tandika nzima humwamkia yeye, akaweka vizuri mtandio kichwani, akainama kidogo mbele ya ile skrini iliyolala juu ya tumbo langu.

"Shikamoo, mama," akasema.